Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Niliinunua kwa nusu dola
katika chumba cha chini ya kanisa, Buffalo,
siku theluji ilipofika magotini
na akina mama wa ushirika wakauza vyombo vya marehemu:
birika, miwani, kofia ya manyoya iliyoliwa na nondo.
Jalada lilisema *Mahubiri ya Pasaka*.
Sikutaka mahubiri. Nilitaka jalada tu,
nisitiri santuri yangu nyingine iliyokuwa uchi.

Nyumbani nikaitoa. Lebo ya kijani, imechujuka,
herufi zimekaa upande kama meno ya mtoto:
ORVELLA TIBBS, 1962.
Hakuna picha.
Nikashusha sindano nikimngoja mchungaji.

Kwanza mkwaruzo, mafuta yakichemka kikaangoni.
Kisha besi, mtu anapanda ngazi gizani
akihesabu vidato.
Kisha yeye.

Niseme nini? Sauti haikuwa tamu.
Utamu huyeyuka ulimini; hii ilikuwa na mfupa.
Kila neno alilifikia nyuma kidogo ya ngoma,
kama mwenye nyumba asiyekimbilia mlango
kwa kuwa anamjua anayebisha.
Mwenda pole hajikwai, husema wasemao.
Huyu alijikwaa makusudi
na kule kujikwaa kukawa hatua.

Upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna pengo.
Piano inanyamaza, anavuta pumzi,
na kwa mbali, nje ya studio, treni inapiga honi.
Hawakuikata. Labda hawakuwa na pesa ya kurudia.
Anaingoja ipite.
Halafu anaiokota honi ileile, anaishusha nusu sauti,
anaibembeleza mpaka inakubali kuwa wimbo.
Nilirudisha sindano mara sita.
Ya saba ilinikuta sakafuni, koti bado mwilini,
theluji ya viatu imekuwa dimbwi.

Nikampelekea baba.
Miaka thelathini ya tanuri la chuma
imemwachia sikio moja, la kushoto,
na hilo nalo hulitumia akipenda.
Alisikiliza akitazama dirisha.
"Tibbs," akasema. "Tibbs wa sokoni? Wa buchani?
Alinipimia soseji kila Ijumaa ya mshahara.
Alikuwa anaweka kidole kwenye mizani."
Akacheka mpaka akakohoa. "Kidole kizito yule mama."
"Aliwahi kuimba?"
"Hata mluzi hakupiga."

Miaka ishirini na mbili, kwa hesabu ya baba,
aprani nyeupe, kisu, karatasi ya kufungia,
na sauti hii humo ndani ikisema
ratili moja na nusu, nani anafuata?

Nimeulizia. Jengo la studio
sasa ni uwanja wa kuegesha magari.
Mpiga besi amezikwa; wa piano alihamia kwa bintiye
na hajulikani mji gani.
Ila Bi Lucinda Crenshaw, aliyenirudishia chenji kanisani,
aliposikia jina alitazama nyuma kwanza.
"Mama ndiye aliyeificha mle," akanong'ona.
"Baba alikuwa shemasi, jazi haikuvuka kizingiti chake.
Basi kila Jumapili usiku, akishalala,
tulikuwa tunasikiliza mahubiri."
Akanikonyeza, mwanamke wa miaka themanini na moja.

Sitasema haki imetendeka.
Santuri ni moja, ina ufa mdogo ukingoni,
na Orvella hayupo wa kuambiwa lolote.

Ila Ijumaa iliyopita baba aliniita mwenyewe:
weka ile, upande wa pili.
Treni ikapita. Tukaingoja, sote watatu.
Aliporudi, kwa kuchelewa kwake kulekule,
baba alinyanyua kidole chenye kovu la moto,
akakishusha polepole juu ya meza,
akabonyeza.
"Hapo," akasema.
"Hapo ndipo alipokuwa anaongeza."